Mkwe Katika Chumba cha Mabuti

Binti yetu alipotuarifu kwamba kijana anayetaka kumwoa hufanya kazi katika hoteli ya theluji, mke wangu aliweka kikombe chini na kuuliza kama hoteli hiyo huyeyuka. Swali halikuwa la kejeli tupu. Tulikuwa tumeketi kwenye roshani ya nyumba yetu, Westville, mwishoni mwa Aprili, na jirani wa upande wa chini alikuwa bado anaogelea na wanawe. Mtu aliyeishi Durban kwa muda mrefu kama sisi huishia kuamini kwamba baridi ni habari ya nchi nyingine, isomwayo gazetini kwa huruma.

Binti alijibu kwa subira aliyoizoea kazini, maana yeye hupima macho ya watu, na kutwa nzima hulazimika kuuliza ni herufi ipi inayoonekana vizuri zaidi. Kijana, alisema, ni Mkongo, mzaliwa wa Lubumbashi aliyelelewa hapa mjini na baba yake mdogo. Amesomea uendeshaji wa hoteli. Sehemu kubwa ya mwaka huwa katika hoteli moja ya ufukweni, lakini majira ya baridi yakifika hupanda milima ya Lesotho, ambako kuna hoteli ya kifahari iliyojengwa kwa ajili ya watu wanaoteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Huko ndiko anakoshika cheo. Ni msimamizi wa chumba cha mabuti.

Mke wangu aliomba aelezwe chumba cha mabuti ni nini, na maelezo ndiyo yaliyoharibu mambo. Buti la skii, kama tulivyofahamishwa jioni ile, ni gumu kama ndoo, limefungwa kwa vishikizo vya chuma, na mtu asiyelizoea hawezi kulivaa peke yake bila kujiumiza. Katika hoteli za daraja la juu mgeni hatarajiwi kuhangaika nalo. Huketi kwenye kiti cha ngozi na kunyoosha mguu, na mhudumu hupiga magoti mbele yake na kumvalisha.

"Anapiga magoti," mke wangu alisema.

"Ni kazi, Mama."

"Sijasema si kazi."

Ni lazima nieleze hapa kwamba mke wangu ni muuguzi, na kwamba kwa miaka mingi amehudumu katika zahanati moja huko Cato Manor akitibu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Anajua magoti ni nini. Alimwambia binti, bila kupandisha sauti, kwamba yeye alipiga magoti mbele ya miguu ya watu ili mwanawe asome na asimame wima, na kwamba hakutarajia magoti hayo yarudi nyumbani kwa mlango wa ndoa. Hakumkataa kijana. Alisema tu kwamba baba mdogo wa kijana asipewe tarehe ya kuja kuposa mpaka yeye mwenyewe aione kazi hiyo kwa macho yake. Binti alinitazama, nami nikalitazama bwawa la jirani. Katika nyumba yetu tarehe za aina hiyo hutolewa na mama.

Jibu la kijana lilikuja kabla ya wiki kwisha. Kila mfanyakazi wa cheo chake, alieleza kupitia kwa binti, ana haki ya kuwaalika wazazi mara moja katika msimu, katikati ya juma, vyumba vikiwa havijajaa. Wazazi wake wako mbali. Angefurahi kutualika sisi.

Hapo ndipo desturi ilipoingia. Kwetu, magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wala mmoja haketi kwenye kiti alichoinuka mwenziwe. Na mguu wa mama mkwe, hasa ukiwa bila kiatu, ni kitu ambacho mkwe hapaswi kukiona, seuze kukishika. Mke wangu amekaa ugenini muda mrefu na ameziacha desturi nyingi zilegee, lakini hii hakuilegeza. Nilipomuuliza atamwonaje kijana akiwa kazini bila kuivunja, alinijibu kwamba kutazama kwa mbali si kukaribiana. Angeketi pembeni kama mgeni yeyote, angetazama, kisha angekwenda zake.

Makoti tuliyatafuta Isipingo, kwa yule baba mdogo, ambaye ana duka la mitumba karibu na kituo cha teksi. Nilikwenda peke yangu, kwa kuwa mke wangu aliona si vema kuonana na upande wa pili kabla ya siku yake. Nilimkuta mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi. Na katika mji ambao hakuna avaaye koti zito, yeye alikuwa na safu nzima ya makoti mazito. Alinieleza kwamba wateja wake ni wale wanaohamia Johannesburg, na wale wanaokwenda kuzika milimani. Aliponivisha koti moja la sufu lililonifika vifundoni, alirudi nyuma hatua chache kunitazama, akasema nimekuwa askofu. Kisha akashusha sauti na kuniuliza jambo ambalo, niliona, lilikuwa moyoni mwake tangu nilipoingia.

"Papa Profesa, kwenu mambo ya bukwe iko namna gani? Sipendi mutoto wetu aharibu."

Swali zuri hustahili jibu kamili. Nilimweleza desturi yetu ya ukwe kama inavyopaswa kuelezwa: kwanza misingi yake, kisha matawi yake, halafu jinsi ilivyokuwa enzi za babu zetu, ambapo mkwe akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa akiiacha njia na kuingia vichakani mpaka apite. Nilimpa na mifano. Nilimtajia mtu mmoja wa ukoo wetu aliyelala katikati ya shamba la mahindi mpaka jua likachwa, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba akizungumza na jirani, na mazungumzo hayakuisha. Baba mdogo alinisikiliza akiwa ameushika mkono mtupu wa koti langu, na nilipomaliza akashusha pumzi.

"Eish," alisema. "Na sisi tulizani ni sisi ndio bakali. Nitamwambia mutoto. Ataelewa."

Tuliagana tukiwa tumeridhika sana, kila mmoja kwa sababu zake.

Tulisafiri mwezi wa Julai. Tuliondoka Durban alfajiri tukiwa na nguo nyepesi, na kila barabara ilivyozidi kupanda ndivyo tulivyosimama kando na kuongeza nguo nyingine, hata tulipofika mpakani mke wangu alikuwa amevaa karibu kila kitu alichokifungasha, na ofisa aliyeikagua pasi yake alimwomba ashushe skafu ili amwone pua. Milima ilikuwa ya rangi ya majani makavu, na juu yake, kwenye mteremko mmoja tu, palilala ukanda mweupe kama kitambaa kilichosahaulika juani. Hiyo ndiyo theluji. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba sehemu yake kubwa hutengenezwa usiku kwa mashine zinazorusha maji hewani yakaganda kabla ya kutua, na kwamba hiyo nayo huhesabiwa miongoni mwa huduma za hoteli: mgeni akiamka, mlima uwe tayari.

Huduma zenyewe zilianza kabla hatujashuka garini. Mtu alichukua ufunguo, mwingine akachukua mizigo, na wa tatu akatukabidhi taulo za moto zenye harufu ya mkaratusi, ambazo mimi nilidhani ni za mikono na mke wangu, kwa ujasiri zaidi, akajifuta nazo uso mzima mpaka nyuma ya masikio. Dada wa mapokezi, Msotho mwenye blanketi zuri begani, alituletea chokoleti ya moto na kutuuliza kama vichwa vinatuuma kwa sababu ya kimo cha mlima. Akatuonyesha mahali ilipo hewa ya oksijeni, kwa mgeni atakayeihitaji, kama vile kwingine mtu aonyeshwavyo maji ya kunywa.

Chumbani sakafu ilikuwa ya mawe, nayo ilikuwa na joto. Mke wangu alivua viatu na kukizunguka chumba kizima taratibu, akitafuta joto hilo linaishia wapi, na hakupaona. Kisha aliingia msalani, akatoka mara moja na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba humo kuna mtu ametoka sasa hivi. Ilinibidi nisome maelezo yaliyobandikwa ukutani ili nimhakikishie kwamba kiti kile hupashwa joto kwa umeme, na kwamba hakuna aliyetutangulia. Kando ya kitanda palikuwa na kadi nene iliyoorodhesha mito: wa manyoya ya bata bukini, wa maganda ya nafaka, wa mtu alalaye chali, wa mtu alalaye ubavu, hata wa mtu alalaye kifudifudi. Niliisoma kwa makini yote ninayowapa waandishi wa kale, na bado sikufahamu kwa nini alalaye kifudifudi apewe mto.

Lakini mke wangu hakuhitaji kuchagua. Mto wake ulikuwa tayari kitandani, mwembamba na mgumu, kama anavyoupenda. Mezani palikuwa na chai ya tangawizi kali isiyo na maziwa, na kando yake karanga za kukaanga, ambazo hazikuwa kwenye orodha yoyote ya vyakula vya hoteli ile. Aliionja chai akiwa amesimama.

"Kuna mtu amezungumza na mwanao," alisema.

Tulipotoka kwenda kula, tulirudi tukakuta moto umewashwa kwenye meko. Tulipoamka, skii ambazo mke wangu angejifunzia zilikuwa nje ya mlango, zimepakwa nta, zimeelekezwa upande wa mteremko, na ncha zake zimelingana kama vijiti vya kula vya Wachina. Alipelekwa kwenye bwawa la maji moto lililo nje, ambamo watu huogelea huku theluji ikiwazunguka na nyusi zao zikiganda. Akaonyeshwa na sauna, chumba cha mbao chenye joto kali. Aliufungua mlango wake, akawaona waume kwa wake wamekaa pamoja wamejifunga taulo, akaufunga polepole sana kama mtu aliyekosea nyumba. Alisema anashukuru kwamba aliwahi kuona kabla hawajamwona.

Kitu kimoja tu hakikuonekana, nacho ndicho kilichotuleta. Asubuhi ile mke wangu alichukua kiti kwenye ukumbi unaotazamana na mlango wa chumba cha mabuti, akafungua jarida, na kwa muda mrefu hakugeuza ukurasa. Aliona wasichana wawili, wepesi na wenye adabu, wakiwavalisha wageni. Msimamizi mwenyewe hakuonekana. Alikaa tena baada ya chakula. Alizunguka kwa nje na kuchungulia dirishani. Kila alikopita palikuwa na dalili kwamba mtu ametoka hapo muda mfupi uliopita: buti lililopashwa moto, blanketi lililokunjwa upya, kikombe cha tangawizi kinachotoa mvuke kwenye meza ambayo alikuwa hajaamua kuikalia.

"Nyumba hii ina majini," aliniambia. "Majini wema, lakini majini."

Mimi nilimpata kwa bahati, asubuhi ya pili, nilipofungua mlango ambao haukuwa wa wageni. Alikuwa kwenye ujia mwembamba amekumbatia mabuti kadhaa, kijana mrefu mwenye fulana nzito ya hoteli; aliponitambua aliyaweka chini, akanipa mikono yote miwili, na huku akinisalimu alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

"Papa, Maman iko wapi?"

Nilimwambia yuko mezani. Hapo alitulia, akanieleza. Baba mdogo alimpigia simu na kumpa masharti yote: mama mkwe asimwone, asimsikie akikohoa, na hata kivuli chake kisimwangukie. Kwa hiyo dada wa mapokezi alimpa ratiba ya mke wangu, naye akaipanga kazi yake iikwepe. Mke wangu akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka kwa chumba cha kufulia. Jana, alipokwenda kukandwa mabega, kijana alikuwa ametoka tu kupanga taulo kwenye chumba cha pili, na ikambidi akae kabatini pamoja na mashuka hadi mwisho wa huduma hiyo. Aliyasema haya pasipo kulalamika. Nadhani alikuwa anajivunia kidogo.

Nilijaribu kumweleza kwamba mambo ya vichakani na mashamba ya mahindi yalikuwa ya zamani, na kwamba siku hizi kumsalimu mama mkwe kwa mbali, macho yakiwa chini, kunatosha.

"Papa," alisema kwa upole, "baba mudogo anasema ni wewe mwenyewe ulimufundisha."

Nilimwomba ajitokeze japo mara moja, mahali pa wazi, akiwa kazini. Akatikisa kichwa. Aliogopa kwamba nikiwa baba ninamhurumia, na kwamba kesho yake, Durban, atasikia amevunja heshima mbele ya mama ambaye hajawahi hata kumwona isipokuwa kwenye simu ya binti.

Ilinilazimu kumweleza mke wangu. Nilichagua wakati wa chakula cha mchana, tulipoletewa sufuria ndogo ya jibini iliyoyeyushwa na vipande vya mkate vya kuchovya, kwa kuwa ni chakula kinachomweka mtu mahali pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tuondoke kesho yake asubuhi.

"Sikuja huku kote kuheshimiwa na ukuta," alisema. "Nimeona taulo. Nimeona chai. Nimeona moto unaojiwasha. Mtu sijaona. Nikirudi nimwambie nini mtoto wangu, kwamba anaolewa na kikombe cha tangawizi?"

Nilisema kwamba kujificha kwake ni heshima. Alijibu kwamba huenda ni heshima, na huenda pia ni mtu anayeionea haya kazi yake na hataki ionekane ilivyo, na kwamba kwa ushahidi uliopo hakuna awezaye kuyatenganisha hayo mawili. Tarehe haipo. Alifuta mdomo, akasimama, akaenda kwenye somo lake la mwisho la skii.

Ni haki niseme kwamba alilipenda somo hilo. Wanaoanza hufundishwa pembeni, kwenye mteremko wa chini, ambako zulia la mpira linalotembea huwapandisha wakiwa wamesimama, kisha hushuka kwa namna yoyote wanayoweza. Mimi nilikaa kwenye benchi lenye joto, nikiwa na blanketi magotini na koti langu la kiaskofu, nikamtazama akishuka akiwa amekunja uso kwa makini, akianguka, akicheka peke yake chini pale, na kumkatalia mwalimu wake asimsaidie kuinuka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tulipokuwa wanafunzi. Lakini alirudi akichechemea, na alipofika kwangu cheko lilikuwa limekwisha.

Chumba cha mabuti kinanukia mbao na ngozi. Kimegawanywa katikati na rafu ndefu inayokaribia dari, na juu ya rafu hiyo mabuti yametundikwa kichwa chini kwenye vigingi vinavyopuliza hewa ya moto, safu juu ya safu, hata mtu wa upande wa wageni hawezi kumwona wa upande wa wafanyakazi. Tulipoingia hapakuwa na mtu. Mgeni mmoja alikuwa ameteguka goti kule juu, na wasichana wote wawili walikuwa wamekwenda na machela. Mke wangu aliketi. Nikavuta buti moja; halikutikisika. Nikavuta tena, naye akaniuliza kama ninavuta mguu au ninavuta mlango.

Nyuma ya rafu mtu alisafisha koo.

"Maman, pardon," sauti ilisema. "Papa iko karibu?"

Mke wangu aliurudisha mguu wake chini ya kiti na kuufunika kwa pindo la koti. Nilimjibu kijana kwamba nipo.

"Siko naona kitu, Papa. Natazama ukuta. Lakini ukivuta vile, utamuumiza. Piga magoti kwanza."

Sikupiga magoti mbele ya mke wangu hata siku nilipomposa, kwa kuwa kwetu mambo hayo hufanywa na wazee wakiwa wameketi. Nilipiga siku ile, kwa taratibu, nikishikilia mkono wa kiti. Sauti ikanielekeza nifungue vishikizo kuanzia cha juu, nivisukume kuelekea nje. Nilivisukuma, mke wangu alivuta pumzi kwa meno.

"Mwambie huyo mtoto," alisema, "kwamba huu ni mguu wa kushoto, na yeye anaelekeza wa kulia."

Nilimwambia. "Papa, mwambie Maman asamehe," ilijibu sauti, nami nikamwambia. Kwa muda tuliendelea hivyo, mimi nikipeleka na kurudisha maneno kati ya watu wawili waliokuwa wakisikiana bila shida yoyote, mpaka tulipofika mahali ambapo mguu ulikataa kabisa kutoka.

"Papa, muulize, amevaa soksi ngapi?"

Mke wangu hakusubiri nimuulize. "Mbili," alisema. "Nzito."

"Maman, juu ya nini mbili?"

"Juu ya baridi, mwanangu."

"Mbili zinabana. Zikibana, damu haifike kwa vidole, na mguu unazidi baridi, unavimba."

"Hayo ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu kila siku ya Mungu," alisema mke wangu, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mtu. Kisha aliniinamia, ingawa hakushusha sauti hata kidogo. "Muulize kwa nini anawapigia watu magoti. Humu mna viti."

Sikuona haja ya kulirudia swali hilo, na kijana naye hakulingojea.

"Mutu akisimama, Maman, anaona buti tu. Ukiwa chini, unaona buti na unaona uso. Bageni bengi hawasemi kama inabana. Wanaona haya, ama wanazani ni vile inapaswa kuwa. Sasa unashika kisigino, unatazama uso. Uso inasema mbele ya mudomo."

Nimewahi kumngojea mke wangu zahanati, mlangoni, nikamwona na mzee mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imepoteza hisia: alikuwa amepiga magoti sakafuni, kidole gumba chake kwenye unyayo wa mzee, na macho yake, kwa dakika kadhaa, hayakuwa kwenye unyayo hata mara moja.

"Na vidole?" aliuliza mke wangu. "Unavipima vidole?"

"Napima. Akisimama wima, viguse mbele. Akikunja magoti kidogo, viachane. Kama havigusi, buti ni kubwa. Kama haviachani, ni ndogo."

"Na mwenye kisukari?"

"Huyo namuuliza polepole, pembeni, batu basisikie. Buti yake naangalia ndani kwa mukono, mushono kwa mushono. Na jioni namuomba aniruhusu nitazame kama kuna malengelenge."

"Asikuruhusu kukataa," alisema mke wangu. "Namaanisha, wewe usimruhusu akatae."

"Ndiyo, Maman."

Wakaendelea. Walizungumza juu ya wanawake wanaotoka kwenye viatu virefu na kuingia moja kwa moja kwenye mabuti, juu ya kucha, juu ya ubishi wa wanaume wanaotaja saizi waliyovaa wakiwa na miaka ishirini. Mimi nilibaki chini nimeshika kisigino, na ikanidhihirikia kwamba hakuna kati yao aliyekumbuka kuwa nipo. Nilikohoa. Sauti ikarudi kwangu kwa haraka na radhi nyingi: niuvute ulimi wa buti mbele mpaka mwisho, nifungue ganda kwa mikono miwili kama mtu afunguaye embe, na Maman ainue kisigino kwanza. Nilifungua, aliinua, mguu ukatoka.

Kati ya mabuti mawili ya safu ya chini ulipenya mkono mrefu ulioshika kitambaa cha moto kilichokunjwa vizuri. Mke wangu aliutazama mkono ule kabla hajakipokea kitambaa. Akaufunga mguu wake nacho, kisha akanigeukia.

"Mwambie atoke," alisema, "asimame pale mwisho wa rafu. Atazame dirishani."

Kijana alitoka kama mtu anayetembea juu ya mayai, akasimama, mikono nyuma, uso umeelekea kwenye kioo na mlima. Hapo nikaona jambo ambalo katika maelezo yangu yote ya Isipingo sikuwa nimelitaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza: desturi ilikuwa imefunga macho yake, haikuwa imefunga ya mama. Naye aliyatumia. Alimtazama kuanzia viatu hadi kisogo, bila haraka, kama anavyomtazama mgonjwa anayeingia kwa miguu yake mwenyewe kabla hajaulizwa chochote.

"Ni mrefu kuliko kwenye simu," aliniambia. Kisha, kwa sauti iliyokusudiwa kufika dirishani: "Amwambie baba yake mdogo, theluji ikiisha waje. Si kabla, maana ana kazi."

Kijana hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka. "Asante, Maman," alikiambia kioo, akainamisha kichwa kwa heshima, na mgeni mmoja aliyekuwa akiteleza nje, akidhani anasalimiwa, alimpungia fimbo yake ya skii.

Nilianza kuinuka, nikishikilia tena mkono wa kiti, huku nikitafuta maneno yanayolingana na tukio. Mke wangu aliniwekea mkono begani.

"Baba yao, kaa hapo hapo," alisema, akinyoosha mguu wa pili. "Na wewe mwanangu, rudi nyuma ya rafu umwelekeze. Huu sasa ndio wa kulia."